Kivuli Kilichosimama Kona ya Tatu

"Umepita dirishani kwangu mara tatu," msimamizi wa usafiri alisema. "Mara ya tatu ukanipungia mkono."

Bingwa alikuwa amesimama mbele ya meza yake, kofia ngumu kaikumbatia kama mtu aliyebeba tikiti maji. Ni kweli alipunga. Mkitazamana na mtu mara tatu ndani ya dakika tano, usipompungia mkono si atasema huna adabu?

"Zahanati ile pale, naiona nikiwa nimekaa," msimamizi akaendelea, akinyoosha kalamu. "Unatoka getini, unakata kulia, umefika. Wewe unakata kushoto. Kushoto tena. Kushoto tena. Unatembeza damu za watu mtaa mzima kama bibi harusi. Wamenipigia simu. Wanasema sampuli zinafika za moto kama chai."

"Ni foleni, bosi."

"Foleni ya kulia tu?"

Bingwa akatazama viatu vyake. Yeye ndiye tarishi wa pikipiki wa maabara hii, na mwezi mmoja nyuma alianguka kwenye kona ya kulia pale duka la mikate. Goti lilichubuka kidogo, likapona. Tatizo lilikuwa boksi. Siku hiyo alibeba vichupa kumi na nane vya mkojo, na vyote kumi na nane vilimfungukia kifuani mbele ya foleni ya wanunuzi wa mikate. Mtoto mmoja akasema, "Mama, mjomba amejikojolea." Mama yake akamkagua Bingwa aliyelala chini, akasema, "Hapana mwanangu. Huo mkojo ni wa watu wengi."

Tangu siku hiyo mikono yake iligoma kukata kulia. Akikaribia kona, kichwa kinasema kata, mikono inasema kata wewe. Kwa hiyo akawa anakwenda kushoto mara tatu mpaka afike alikotaka. Alijiona mjanja sana, mpaka leo.

"Ijumaa saa nne, hapo uani," msimamizi akasema. "Nitapanga mapipa, kona tatu, ya tatu ya kulia. Sheria ni tatu pia. Usianguke, usimwage, usikwepe kona. Ukishindwa, pikipiki anapewa mwingine na wewe unaingia chumba cha kuoshea vichupa."

"Sawa, bosi."

"Halafu nikuulize. Wote humu wanakuita Bingwa. Bingwa wa nini?"

"Wa gemu ya pikipiki, bosi. Zamani. Ile ndogo ya kushika mkononi."

Msimamizi akavua miwani, akaifuta taratibu, akaivaa tena.

"Toka," akasema.


Nyumbani walikuwa wanne. Mke wake, ambaye mtaa mzima ulimwita Fundi, alishona makoti meupe ya maabara kwenye cherehani iliyokaa chini ya dirisha. Binti yao wa miaka kumi na moja walimwita Hakimu, maana hakuweza kusikia watu wawili wakibishana bila kutoa hukumu. Wa nne alikuwa mama mkwe. Alikuja kwa siku tatu, sasa ilikuwa wiki ya tatu, na mswaki wake ulishapata kikombe chake peke yake.

Bingwa alimwogopa mama mkwe hadi kwenye kucha. Kila walipokutana alimwamkia, hata kama wameamkiana dakika kumi zilizopita. Akitoka bafuni, shikamoo mama. Akirudi na ndoo, shikamoo mama. Bibi alishachoka kuitikia. Siku hizi aliinua kidole kimoja tu.

"Shikamoo mama," Bingwa alisema akiingia.

Kidole kikainuka.

Akaketi kwenye benchi, akawaeleza yote. Alipofika kwenye kuosha vichupa, Hakimu akaingilia.

"Vya mkojo, baba?"

"Vya mkojo."

"Na vya haja kubwa?"

"Na hivyo pia."

Mama mkwe akaweka kikombe chake cha chai chini, akakisogeza mbali.

"Hiyo posho ya barabarani je?" Fundi akauliza bila kuacha kushona.

"Anapewa mwenye pikipiki."

Cherehani ikasimama. Ile posho ndiyo iliyokuwa ada ya Hakimu, na kila mtu kwenye chumba alijua, hata Hakimu, ambaye safari hii hakutoa hukumu yoyote. Fundi akavuta bati la biskuti alilowekea vifungo, akaanza kutafuta zipu aliyojua kabisa kuwa haimo humo. Ni tabia yake. Akibanwa na mawazo lazima mikono ichakure kitu. Chini ya vifungo, chini ya lastiki na vipande vya chaki, akakuta kitu kigumu. Akakitoa.

"Haa!" Bingwa akaruka. "Gemu yangu!"

Ilikuwa ileile, ya kijivu, kioo kidogo kama kibiriti, kona moja imeng'atwa na mtu asiyejulikana. Kitufe cha kulia kilikuwa kimeng'oka. Fundi akachagua kifungo cha koti, cha kahawia, akakipaka gundi na kukibandika.

"Angalia," Bingwa akasema, macho yanang'aa. "Mimi kwenye hii nilikuwa moto. Kona zote nilikuwa nakata. Nikifanya mazoezi humu siku nne, Ijumaa nateleza tu."

"Mtu hafundishwi pikipiki na kitu cha kuchezea," mama mkwe akasema.

"Lakini bibi, hana kingine," Hakimu akaamua. "Aruhusiwe."

Betri zikawa shida. Kwenye rimoti zimekufa, kwenye tochi zimekufa. Bingwa akasubiri mama mkwe aende kuoga, akafungua redio yake ya mkononi, akazichukua mbili, akafunga kifuniko vizuri kama daktari aliyemaliza upasuaji.


Muziki ulipoanza, tititi-tititi, Bingwa alikaribia kulia machozi. Pikipiki ndogo nyekundu ikatokea kwenye mstari. Pembeni yake ikatokea nyingine, nyeupe, unaiona hadi upande wa pili kama moshi.

"Hiyo nyingine ni ya nani?" Hakimu akauliza.

"Hicho ni kivuli. Mashine inakumbuka mtu aliyewahi kwenda kasi kuliko wote humu, na kila ukicheza inakurudishia jinsi alivyoendesha. Ona juu pale, herufi za nani?"

"Zako."

"Basi. Yule ni mimi nikiwa kijana. Tazama alivyo na heshima."

Mbio zikaanza. Kivuli kikaondoka kama kimeitwa na mshahara. Kona ya kwanza, kushoto, Bingwa akakata vizuri. Ya pili, kushoto, vizuri. Ya tatu ilikuwa ya kulia, chini ya bango kubwa la matairi. Dole gumba lake likaelea juu ya kifungo cha koti, likatetemeka, likarudi kushoto. Pikipiki ikazunguka nyasi, ikazunguka tena, na mshale mwekundu ukawaka kwenye kioo ukipiga kelele.

"Inasema unarudi ulikotoka," Hakimu akamsomea.

"Nakwenda kwa njia yangu."

"Inasema hakuna njia yako."

Akaanza upya. Jumanne yote baada ya kazi, Jumatano yote. Taratibu dole gumba likaanza kutii, mara moja kati ya tano, halafu mara moja kati ya tatu. Akikata kushoto mwili wote ulilala kushoto, akikata kulia ulilala kulia, na Hakimu aliyekaa pembeni yake kwenye benchi akalala naye. Jumatano jioni mama mkwe alikaa mwisho wa benchi hilohilo ili tu amwonyeshe mkwewe kwamba hamuungi mkono. Walipofika kona ya tatu wote watatu wakalala kulia, benchi likainuka miguu miwili, na chai ya bibi ikaishia mapajani mwake.

"Samahani mama. Shikamoo mama."

"Usiniamkie nikiwa nimelowa," mama mkwe akasema.

Lakini kivuli hakikushikika. Na kilikuwa na tabia moja ya ajabu. Kilifika kona ya tatu mbele kabisa, halafu pale chini ya bango la matairi, kinasimama. Kabisa. Moja, mbili, tatu. Kisha kinakata kulia na kuondoka, na bado kinashinda.

"Baba, kwa nini ulikuwa unasimama pale?"

Bingwa hakukumbuka. Ila mtu hawezi kukiri mbele ya mtoto kwamba hajui siri ya ubingwa wake mwenyewe.

"Mbinu," akasema. "Unaiacha injini ipoe."

"Juzi ulisema injini kwenye gemu haichemki."

"Nilikuwa nakupima."

Kwenye cherehani Fundi alijichoma kidole kwa sindano. Kila mara kivuli kiliposimama, mguu wake nao ulisimama juu ya kanyagio, kisha ukaendelea. Hakuna aliyetambua isipokuwa mama mkwe, ambaye hakuwa na redio ya kusikiliza na hivyo alibaki kutazama watu.

Maana redio ilikuwa imekufa tangu Jumatatu. Bibi alikuwa ameshaipiga makofi, ameianika juani, ameitukana. Alhamisi saa kumi na moja jioni aliifungua. Akaangalia ndani. Akainua macho taratibu, akamwangalia mkwewe aliyekuwa amelala upande na gemu mkononi.

"Kumbe mimi siku nne nasikiliza boksi tupu," akasema.

Bingwa akasimama wima. "Mama, nilitaka kukuomba."

"Ulitaka lini?"

"Kabla ya kuchukua."

"Bibi ameibiwa," Hakimu akatangaza. "Mshtakiwa arudishe betri."

"Mniachie mara moja tu!" Bingwa akasema, na sauti yake ikakatika vibaya hata Hakimu akafuta hukumu. "Kesho ndiyo kesho. Mara moja tu nimshinde huyu."

Wakamwachia. Akacheza. Kona ya kwanza, ya pili, kwenye ya tatu kivuli kimesimama pale, akakaribia kukipita, mikono ikaganda, akaingia kwenye bango la matairi.

Akaweka gemu benchini.

"Nimekwisha," akasema. "Hata mimi wa zamani amenishinda. Yule kijana anasimama njiani anapumzika, halafu ananishinda. Kesho sina haja ya kwenda. Nitamwambia msimamizi anipe glavu tu nianze na vichupa."

Fundi akaondoa mguu kwenye kanyagio. Akavua kastabini, kile kikofia cha chuma cha kukinga kidole, akaiweka juu ya koti alilokuwa analishona, kama mtu anayejiandaa kula kiapo.

"Yule si wewe," akasema.

"Nani si mimi?"

"Kivuli. Ni mimi."

Bingwa akacheka. Akaona mwenzake hacheki.

"Ulipokuwa unanichumbia uliniazimisha hii gemu wiki mbili," Fundi akasema. "Mashine ilishakuwa na herufi zako, mimi sikujua kuzibadilisha. Nikacheza. Nikairudisha. Ukakuta rekodi mpya ina herufi zako, ukaanza kuruka. Ukamwambia kaka yako. Ukawaambia kazini, wakakupa jina. Ningeanzia wapi?"

"Miaka kumi na nne?"

"Kila mwaka ilizidi kuwa ngumu."

"Na mimi nilishangaa kidogo," Bingwa akakiri kwa sauti ndogo. "Nilijiuliza, hii nimeifanya lini? Nikasema labda nilikuwa na homa."

Masikio yake yalikuwa ya moto. Akawafikiria wote waliomwita Bingwa, getini, kantini, kwenye chumba cha damu. Kisha jambo jingine likamfikia, polepole.

"Sasa pale kona ya tatu ulisimama kwa nini?"

"Mama aliingia chumbani."

Wote wakamgeukia mama mkwe.

"Nilikuwa nimeambiwa nisome," Fundi akasema. "Nikaificha chini ya mto, nikaukalia mto."

"Najua," mama mkwe akasema. "Mto ulikuwa unanguruma."

"Ulijua?"

"Mtoto amekalia mto, mto unasema vruuu, yeye ananiambia anasoma jiografia. Nilihesabu moja mpaka tatu nione kama ataona haya. Nikaenda zangu. Ningebaki ungepasuka."

Hakimu alikuwa amefungua mdomo kutoa hukumu, akaufunga. Kesi ilikuwa nzito.

"Yaani ulisimama," Bingwa akasema, "na bado ukanishinda?"

"Kwa mbali," Fundi akasema, kisha akaona aibu. "Samahani."

"Uliogopa?"

"Mikono ililowa. Nilijua akirudi nimekufa. Lakini nilishafika kona, mume wangu. Nikabonyeza."

"Ukabonyeza tu?"

"Kulikuwa na kingine cha kufanya?"

Mama mkwe akanyoosha kiganja. Bingwa akatoa betri, akamkabidhi kwa mikono miwili. Redio ikakohoa, ikaanza kutangaza hali ya hewa.


Ijumaa saa nne ua wa maabara ulijaa watu ambao ghafla wote walikuwa na kazi ya kufanya nje. Wauguzi walipumzika nje. Mlinzi aliacha geti wazi. Jamaa wa chumba cha kuoshea vichupa alikuja na glavu mpya, bado zimo kwenye karatasi, akasimama nazo pale Bingwa atakapoziona.

Msimamizi alipanga mapipa sita ya bluu. Nyuma ya pikipiki alifunga boksi lenye vichupa kumi na viwili vya maji yenye rangi nyekundu, vyote wazi juu.

"Usianguke, usimwage, usikwepe kona," akasema. "Anza, Bingwa."

"Msiniite Bingwa," Bingwa akasema ndani ya kofia. "Bingwa ni mke wangu."

"Unasemaje?"

"Naanza, bosi."

Fundi alikuwa ukutani na kifurushi cha makoti aliyoleta kama kila Ijumaa. Hakimu alikuwa amefunga shule, akashika upande mmoja wa kifurushi na kuuminya. Mama mkwe alikuja kwa sababu, alisema, haiwezekani betri zake zitumike siku nne halafu asione matokeo. Alikuwa ameulizia choo tangu walipofika, na mlinzi alimwelekeza kwa kidole bila kugeuza kichwa, maana macho yake yalikuwa kwenye mapipa.

Kona ya kwanza, kushoto. Safi. Ya pili, kushoto. Safi. Mtu mmoja akapiga makofi mawili akajizuia.

Ya tatu. Bingwa akaiona inakuja, mapipa mawili na uwazi katikati, mkono wa kulia. Akasikia harufu ya mikate ambayo haikuwepo. Vidole vikaganda kwenye usukani. Upande wa kushoto kulikuwa na nafasi nzuri kabisa, pana, inamwita kwa jina.

Na hapohapo, katikati ya mapipa mawili, akatokea mama mkwe.

Alikuwa anakwenda chooni. Hakuwa na haraka. Mkoba begani, kanga imekazwa kiunoni, anapita mashindanoni kama anayepita sebuleni kwake. Bingwa akabana breki taratibu, akasimama kabisa, mguu chini. Nyuma, maji mekundu yakayumba hadi ukingoni, yakatulia. Na Bingwa, kwa mazoea ya wiki tatu, akafungua kioo cha kofia.

"Shikamoo mama."

Mama mkwe akasimama naye. Akamtazama mkwewe. Akatazama boksi, akatazama nafasi ya kushoto ambayo macho ya mkwewe yalikuwa yanaikimbilia. Akahesabu, midomo ikicheza: moja, mbili, tatu.

"Marahaba," akasema, kwa mara ya kwanza tangu wiki iliyopita. "Haya, kata kona. Umenizibia njia."

Na Bingwa akakata. Hakuwa na muda wa kuuliza mikono, maana mtu hambishii mama mkwe mbele ya watu kazini. Pikipiki ikalala kulia, taratibu, ikapita katikati ya mapipa, ikainuka, ikafika mstari. Ukutani, Fundi na Hakimu walikuwa wamelala kulia wote wawili, na kifurushi cha makoti kimeangukia kwenye matope.

Msimamizi akafungua boksi. Akahesabu vichupa kwa kalamu, akainama akatazama chini ya kila kimoja.

"Hujamwaga," akasema. "Lakini ulisimama."

"Nilikuwa namwamkia mama mkwe, bosi."

Msimamizi akageuka akamtafuta yule mama. Alikuwa amefika mlango wa choo, akauvuta, ukagoma, akaupiga bega moja ukafunguka. Msimamizi akamwangalia kwa muda. Na yeye alikuwa na mama mkwe nyumbani, ingawa kazini hakuna aliyejua.

"Kusimama hakumo kwenye sheria," akasema. "Peleka damu zahanati. Na upite hapa dirishani mara moja tu."

Jamaa wa vichupa akarudisha glavu mfukoni.


Jumamosi mchana betri zilikuwa huru, maana mama mkwe alikuwa amelala na redio haihitajiki mtu akiwa amelala. Hakimu ndiye aliyetoa ruhusa. Bingwa alikaa benchini. Fundi alikuwa anafua makoti yenye matope, mara hii bila kulipwa, akachungulia begani kwake.

Kona ya kwanza. Ya pili. Bingwa alikuwa anakwenda vizuri kuliko siku zote, kivuli kiko mbele yake kidogo tu. Kikafika chini ya bango la matairi. Kikasimama.

"Sasa, baba!" Hakimu akapiga kelele. "Kimesimama! Mpite!"

Njia ilikuwa wazi. Dole gumba lilikuwa juu ya kifungo cha koti na halikutetemeka hata kidogo. Bingwa akaisogeza pikipiki nyekundu hadi ubavuni mwa ile nyeupe, akaachia mafuta. Zikasimama pamoja, mbili, chini ya bango.

"Unafanya nini?" Fundi akauliza.

"Namsubiri mama atoke."

Moja. Mbili. Tatu. Kivuli kikakata kulia, na yeye akakata kulia nyuma yake, na kikamshinda vilevile, kwa mbali.

"Umeshindwa," Hakimu akahukumu.

"Ndiyo."

Kutoka chumba cha pili sauti ikapenya ukutani, nzito ya usingizi.

"Nasikia mto unanguruma."

Fundi akanyakua gemu, akaisukuma chini ya mto wa benchi, na wote watatu wakaukalia.